Niliomba Msamaha kwa Mafaili Yaliyokataa Kufunguka

Mwenyekiti, akina mama, akina baba, na nyinyi mliobanana kule mlangoni kwa kuogopa kuitwa mbele, nimesikia. Mwenyekiti amenipa dakika kumi. Jambo hili nimekaa nalo kifuani tangu mvua za kwanza, halafu napewa dakika kumi! Haya, tutaona. Mkiona napandisha sauti msishtuke, si nyinyi ninaowagombeza.

Majina sitaji. Kituo cha afya ninachofanyia kazi sikitaji, na mkubwa wangu wa kazi simtaji. Mkimjua, mmemjua wenyewe, mimi simo. Nitamwita Mkuu, inatosha.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Ushuhuda tuliouzoea hapa jumuiyani ni wa ugonjwa, wa pombe, wa ndoa iliyovunjika ikaungwa. Wangu ni wa mafaili ya wagonjwa yaliyokuwa yakikataa kufunguka. Naona mama mmoja hapo mbele keshaanza kupiga miayo. Vumilia mama, utaamka mwenyewe.

Pale kituoni tuna kompyuta chache, ya mapokezi, ya maabara, za wodini, na moja kubwa inayokaa peke yake kwenye chumba kidogo jirani na ofisi ya Mkuu. Hiyo kubwa ndiyo seva. Haina hata kioo cha kutazamia. Mafaili yote ya wagonjwa yamo ndani yake, na zile nyingine zinayafungua kupitia waya. Maabara wakiandika kundi la damu la mgonjwa, daktari analisoma akiwa wodini. Basi mwezi wa kumi Mkuu akaniita, akasema, "Binti, siri za watu zimekaa wazi mno. Zifunge." Nikazifunga. Niliweka usimbaji, maana yake faili likipita kwenye waya linageuka mchanganyiko wa herufi asioweza kuusoma mdukuzi, na anayetaka kulifungua lazima kwanza seva imhakiki. Kazi ya wiki mbili. Ndugu zangu, nilijivuna! Nilimpigia mama yangu kule Malinyi kumsimulia. Hakuelewa neno hata moja ila alifurahi, akaniambia Mungu akuzidishie.

Mwezi wa kumi na moja balaa likaanza. Naitwa wodini: "Dada, mafaili hayafunguki!" Nakimbia. Nakuta kweli, kompyuta imeandika kwamba huna ruhusa. Muuguzi aliyelifungua faili hilohilo asubuhi anaambiwa hana ruhusa! Nakaa chini, nahangaika, nusu saa, dakika arobaini, mara linafunguka. Nimefanya nini? Sijui. Nasema nimetengeneza. Siku tatu kimya, siku ya nne tena. Siku nyingine nafika nakuta limeshafunguka, wauguzi wananicheka, "Dada, mashine ikikuona inakuogopa."

Jamani, kitu kilichovunjika kabisa ni rahisi. Unakiona, unakitoa, unaweka kingine. Lakini kitu kinachogoma leo, kesho kinafanya kazi, keshokutwa kinagoma tena, hicho kitakutia wazimu. Nilibadilisha nyaya. Nilibadilisha kile kisanduku kinachounganisha nyaya. Niliwabadilishia watu wote nywila mpaka wakaninunia. Niliipanga upya seva nzima kuanzia mwanzo, Jumapili, misa nimekosa, Mungu anisamehe. Kila tatizo lilipoondoka lenyewe mimi nilisimama kifua mbele nikatangaza, "Nimemaliza." Nimetangaza hivyo mara nne. Hilo ni kosa langu na nalikubali, maana mtu akisema amemaliza mara nne, mara ya tano nani atamwamini?

Na lingine ni hili. Seva huwa inajiandikia kila inachofanya, nami nilisoma. Niliona imezimika, ikawaka. Nikasema, aa, umeme. Sasa nyinyi niambieni, huku kwetu nani anashangaa umeme kukatika? Nilipita juu juu. Mbele ya mstari ule nisingekwenda hata kwa fimbo, kwa sababu nilijua. Nilikuwa najua, ndugu zangu! Ole wake anayejua.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Mwezi wa kumi na mbili alikuja mama mjamzito kutoka Masagati. Masagati mnaijua, pikipiki mpaka Mlimba, kisha basi, na barabara ile wakati wa mvua ni adhabu. Alifika amechoka, damu inamtoka. Alikwishapimwa kwetu safari iliyopita, kila kitu kimo kwenye faili lake. Daktari anafungua, huna ruhusa. Anafungua tena, huna ruhusa. Wakamtoboa upya wapime kundi la damu upya, mumewe amesimama anauliza, "Si mlimpima? Si mliandika nyinyi wenyewe?" Nami nipo pale, nimeinamia kompyuta, nabonyeza nywila ileile tena na tena. Mama yule alijifungua salama, mtoto salama, Mungu ni mwema. Baada ya saa moja faili likafunguka. Lenyewe!

Kesho yake kikao. Wafanyakazi wote, mpaka wa usafi, mpaka walinzi. Mkuu akasimama. Sitasahau maneno yake. "Mafaili haya kabla huyu binti hajayafunga yalikuwa hayasumbui. Kayafunga yeye. Funguo anazo yeye. Yanafunguka akifika yeye. Sasa mnataka niseme nini? Anatufungia ili aonekane wa maana." Watu wakaguna. Mtu mmoja nyuma akasema, "Kumbe!" Ile kumbe bado naisikia.

Nikapewa barua ya kujieleza. Siku saba. Waliowahi kuajiriwa hapa wanaijua barua hiyo. Unaambiwa ujieleze, lakini maelezo yanayotakiwa ni ya aina moja tu. Nilimpigia mama. Mama yangu yupo hapa leo, ameketi pale na kitenge chake cha bluu, na nimemwomba ruhusa kulisema hili. Aliniambia, "Mwanangu, mnyonge hana haki. Omba msamaha yaishe. Kazi utapata wapi nyingine?" Nikasema lakini mama sijafanya. Akasema, "Nani kakuuliza kama umefanya? Omba msamaha."

Nikaandika. Kwa mkono wangu, kwa akili zangu timamu: Mimi fulani nakiri kwamba uzembe wangu umehatarisha maisha ya mgonjwa, naomba radhi, sitarudia. Sitarudia nini? Nilikuwa sijui hata ni kitu gani nisichopaswa kukirudia! Barua ikasomwa mbele ya wafanyakazi wote, ikatiwa kwenye jalada langu. Mkuu akaongeza kwamba tatizo likirudi nitafukuzwa, na popote nitakapokwenda kuomba kazi barua ile itanifuata. Nilikuwa na diploma, nilikuwa na mtoto wa kulea, nikawa mtu aliyekiri kwamba nusura aue mama mjamzito. Ndugu zangu, kuanguka si lazima uonekane umelala mtaroni. Mimi nilianguka nimekaa kwenye kiti, kalamu mkononi.

Na sikilizeni jinsi shetani alivyo fundi. Baada ya barua ile mvua zikapumzika, na mafaili yakatulia! Mwezi, miezi miwili, hakuna hata kosa moja. Mnadhani watu walisemaje? "Mmeona? Amekiri, ameacha." Walikuwa wananisalimia kwa huruma, ile huruma anayopewa mwizi aliyetubu. Mganga mmoja kijana akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, sisi tumekusamehe." Nilitamani nimrushie kibao cha herufi.

Mwezi wa tatu masika yakaingia, huna ruhusa ikarudi. Mkuu hakupoteza muda. Alininyang'anya ufunguo wa chumba cha seva. Ufunguo uliobaki ni wake tu, anatembea nao mfukoni. Wiki hiyohiyo mafaili yakagoma mara mbili, chumba kimefungwa, mimi sina ufunguo. Nikajua sasa nimepona, maana hata mtoto wa darasa la pili ataona kwamba si mimi. Nikaenda ofisini. "Shikamoo mzee." "Marahaba." "Mzee, mimi chumbani siingii tena na bado yanagoma." Akanitazama, akasema, "Basi utakuwa umeacha kitu humo ndani." Khaa! Yaani nikiwa na ufunguo ni mimi, nisipokuwa nao ni mimi! Akanipa mpaka mwisho wa mwezi nitafute pa kwenda.

Nilitoka pale nikaenda kukaa nyuma ya jengo, kule kwenye kamba za kuanikia mashuka. Nililia, sitaki kuwaficha. Pale kuna mama wa dobi, mtu mzima, anafua mashuka ya wodi zote. Miaka yote tulikuwa tunasalimiana tu, shikamoo mama, marahaba mwanangu, basi. Siku ile akanisogezea ndoo niikalie. Akaniuliza, "Ile mashine imekugomea tena?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Nilijua. Juzi nilikuona unakimbia. Maana kila ukikimbia na kompyuta zako, na mimi nakimbia na mashuka yangu."

Nikamwuliza, mama, umesemaje?

Akasema, "Mimi nikisikia radi kule milimani sisubiri. Jua linawaka hapa Ifakara, lakini Udzungwa kukinguruma naanua. Nikigeuka na mashuka mkononi nakuona wewe hao, mbio wodini. Tangu mwaka jana. Nilidhani unajua."

Ndugu zangu, nawaambia, nywele zilinisimama. Miezi mitano nimekodolea kioo cha kompyuta, na anayejua siku zote za ugonjwa ule ni mama anayefua mashuka! Nikamwuliza na mwezi wa pili? Akasema mwezi wa pili hakuanua hata mara moja, kulikuwa kukavu. Nikamwuliza siku ya yule mama wa Masagati. Akasema siku hiyo ilinguruma asubuhi asubuhi, shuka mbili zilidondoka kwenye tope akazifua upya. Anazikumbuka!

Nikasema sawa, radi. Lakini radi iko milimani, haijafika hapa, inaingiaje kwenye mafaili yangu? Siku ya tatu nikapata jibu. Mchana, jua kali, tukasikia kule juu, guu, guu. Mama wa dobi akaenda kwenye kamba zake. Mimi badala ya kukimbilia wodini nikaenda kusimama kwenye varanda mbele ya chumba cha seva.

Mlango wa ofisi ya Mkuu ukafunguka. Akatoka Mkuu mwenyewe. Viatu kavua, kavaa kandambili za mpira. Mkononi kashika kitambaa kikavu. Akafungua chumba cha seva kwa ule ufunguo wa mfukoni, akaingia, akaikamata plagi kwa kitambaa, akachomoa. Akachomoa na betri ya akiba. Akachomoa na kifaa cha intaneti. Akajifuta mikono, akageuka, akanikuta mlangoni.

Nikasema, "Shikamoo mzee. Unafanya nini?"

"Marahaba. Nazuia radi. Hujui radi za huku? Mwaka juzi ilikula televisheni yangu nyumbani na friji juu."

"Unachomoa kila ikinguruma?"

"Kila ikinguruma. Ikitulia narudisha. Mashine ya gharama hii, nani ataichunga kama si mimi?"

"Mzee, kwa nini hukusema?"

Akanijibu, na naomba mlisikie vizuri jibu hili. Akasema, "Hukuniuliza."

Hukuniuliza! Nimesomewa barua mbele ya walinzi! Mtu ametobolewa mara mbili damu inamtoka! Hukuniuliza!

Basi, sikupiga kelele. Sijui ilitoka wapi nguvu ile, ni neema. Nikamwomba asiondoke. Nikaleta kioo, nikakiunganisha kwenye seva, nikasubiri radi itulie, nikamwomba airudishe kama anavyofanya siku zote. Ikawaka. Nikamwonyesha pembeni ya kioo, mzee, soma tarehe. Akavaa miwani, akasoma Januari mosi ya mwaka ambao mwanangu alikuwa hajazaliwa.

Nitawaeleza kwa ufupi, si kazi ngumu. Ndani ya kila kompyuta mna kibetri kidogo cha duara, kinatunza saa mashine ikiwa haina umeme. Cha seva yetu kilikuwa kimekufa. Ikichomolewa inasahau leo ni lini, ikiwaka inadhani ni zamani. Sasa haya makufuli niliyoweka yanatazama saa. Kompyuta ya wodini inaleta hati yake ya kuingilia, seva inatazama saa iliyoandikwa, inaona hailingani na yake, inakataa. Inakaa hivyo mpaka intaneti irudi iiambie saa ya kweli, kisha inafungua, na mimi nakuja kujipigia makofi. Mkuu amekuwa akichomoa miaka yote, lakini kabla ya makufuli seva ilikuwa haiulizi saa. Na yale maandishi ya makosa ambayo ningeyaona mapema? Yalikuwa yamejipanga chini kabisa kwenye mwaka ule wa zamani, mahali nisipokwenda kwa sababu nilikwishasema ni umeme.

Kibetri nilikinunua siku hiyohiyo kwa mzee mmoja fundi wa saa hapa mjini, nikakiweka. Ikanguruma tena Alhamisi, Mkuu akachomoa kama kawaida yake, akarudisha, mafaili yakafunguka palepale. Ugonjwa umekwisha. Mnapiga makofi? Ngojeni kwanza, hasira yangu bado haijafika.

Siku mbili baadaye Mkuu akaniita ofisini, akafunga mlango. Akanipa bahasha. Ndani mna ile barua yangu. "Chukua, kaichane nyumbani. Yaishe." Yaishe! Neno lilelile la mama. Ndugu zangu, mkono wangu ulikwishaanza kunyooka kuipokea. Nilikuwa nimechoka. Nani hapendi yaishe?

Nikairudisha mezani. Nikamwambia, "Mzee, kwa heshima yako. Barua hii ilisomwa mbele ya watu. Kwa siri siichukui."

Akasema nina kiburi. Akasema mkubwa hawezi kusimama mbele ya wafagiaji kujieleza, nidhamu itakufa. Nikamwambia mimi nilisimama, na sikufa. Nikatoka bila kibarua cha uhakika. Wiki nzima hakuniongelesha. Aliyesogeza jambo ni mama wa dobi. Kwenye kikao cha Ijumaa, kabla ya ajenda, aliinua mkono. Mama yule hajawahi kusema neno kwenye kikao chochote. Akasema, "Mimi naomba tuambiwe ni nani alikuwa anachomoa." Akakaa. Watu wote wakamwangalia Mkuu, kwa sababu varandani siku ile hatukuwa wawili tu, habari zilikwishatembea.

Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema, "Nilikuwa mimi." Akaitoa barua, akaichana vipande vinne mbele yetu. Hakusema samahani. Nawaambieni kweli, hakusema mpaka leo.

Nashukuru. Namshukuru mama wa dobi, ambaye amekataa kuja hapa kwa sababu ana mashuka. Nawashukuru wanajumuiya mlioniletea mchele nilipokuwa sijui kesho yangu, na hamkuuliza kama ni kweli nimefanya. Namshukuru yule mzee wa saa, alinipimia kibetri mara mbili kabla ya kunipa. Na mama yangu nakushukuru, ulinipa ushauri uliokuwa nao.

Fundisho langu si la kompyuta peke yake. Kitu kikikusumbua na hukielewi, usikikodolee chenyewe tu, waulize watu wanaoishi karibu nacho, hasa wale ambao hakuna anayewauliza. Na sisi wazazi, naomba tuache kuwafundisha watoto wetu kuomba msamaha kwa makosa ya wakubwa. Tunasema yaishe. Hayaishi. Yanaingia kwenye jalada, yanakaa, yanamsubiri mtoto.

Mwenyekiti anaonyesha saa. Namaliza. Mtaniuliza kama nimemsamehe. Jumapili tulipopeana amani kanisani alikuwa benchi la mbele yangu, akageuka, akaninyooshea mkono. Niliupokea. Nikasema amani ya Bwana, kwa mdomo. Moyoni bado. Nimesimama hapa nipate kuwaomba mnisaidie kwa hilo, kwa sababu msamaha niliouomba kwa uongo ulinitoka kwa siku saba tu, na huu wa kutoa kwa kweli, sasa ni miezi mitatu nauhangaikia.